Dorsey na Bunduki ya Mkewe

Dorsey Maddox alikuwa na mabega mapana kama mlango wa ghala, lakini aliiogopa bunduki yake mwenyewe. Hilo hakumwambia mtu. Kwenye kiwanda alikopasua mialoni kutengeneza mbao za mapipa, alikuwa akibeba peke yake magogo ambayo vijana wawili huyasukuma huku wakilalamika, na kanisani wakitaka kuhamisha piano, wa kwanza kuitwa alikuwa yeye. Ila kila majira ya kuchipua, msimu wa bata mzinga ulipofunguliwa huku kwetu kwenye vilima vya Ozark, Dorsey aliingia msituni alfajiri na bunduki begani, akarudi kabla ya chakula cha mchana mikono mitupu na maneno tele.

"Upepo ulinigeuka," alisema mwaka mmoja. Mwaka mwingine, "Risasi za siku hizi ni takataka." Na mwingine tena, "Yule dume alikuwa mbali kuliko alivyoonekana."

Ukweli ni kwamba alikuwa akifumba macho. Dume alikuja mpaka mbele yake, mkia ameutandaza, kichwa chekundu kimesimama, naye Dorsey akaelekeza mtutu vizuri tu. Lakini kidole kilipoanza kubana, mwili mzima ulikumbuka mshindo kabla mshindo haujatoka. Bega lilijisukuma mbele, macho yakafumba, mtutu ukainama, na marisau, zile punje ndogo za risasi, yakaenda kulima udongo. Baada ya hapo ndipo bunduki ilipompiga teke lake, ikamrudisha kwenye shina la mti kama punda aliyeguswa pabaya.

Kwa kuwa alikosa, alidhani bunduki yake haina nguvu. Akatafuta yenye nguvu zaidi. Yenye nguvu zaidi ikampiga teke zaidi, naye akagutuka zaidi, akakosa zaidi. Mwishowe alikuwa na ile ya geji kumi na mbili, yenye mtutu mpana, inayokula risasi ndefu kuliko zote, na kila Aprili mkewe alimkanda bega lililovilia damu kwa dawa ya kuchua yenye harufu ya kafuri. Hakuuliza kitu.

Huyo mkewe ni Nelda. Mimi nyumba yangu iko ng'ambo ya kijito, na haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine Nelda mwenyewe aliniambia tukichambua maharage kwenye baraza yake. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mifupi na kicheko kirefu, na alikuwa mpishi wa shule. Watoto wao walikwisha kuolewa na kuoa, wakahamia mijini. Nyumba ikawa kimya. Ndipo siku moja ya Februari Nelda akamwambia mumewe kwamba na yeye anataka kuwinda.

"Wewe?" Dorsey akauliza.

"Mimi. Nifundishe."

Dorsey alimpeleka nyuma ya ghala Jumamosi. Kwa bahati mbaya wenzake wawili wa kiwandani walikuwa wamekuja kuazima mnyororo, wakabaki kutazama. Dorsey akampa ile bunduki yake kubwa, risasi ndefu ndani, akamwambia tu, "Lenga ile karatasi, ubane." Hakumwambia asimame vipi wala kitako akiweke wapi. Nelda alibana. Bunduki ikalia, ikampiga shavuni, ikamkalisha kwenye tope. Wanaume wakacheka mpaka wakashikana, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Dorsey. Nadhani alicheka vile kwa sababu kwa mara ya kwanza alimwona mtu mwingine akipigwa na bunduki ile.

Nelda aliinuka, akajifuta sketi, akamrudishia silaha yake. "Asante," alisema, akaingia ndani kuosha vyombo. Ana hasira ya namna hiyo, ambayo haina kelele. Ningekuwa Dorsey ningeogopa.

Mwezi wa Machi uwanja wa shabaha wa wilaya ulikuwa na siku ya wanawake wanaotaka kujifunza. Nelda alikwenda. Mwalimu wao alikuwa Hoyt Cagle.

Hapa lazima niseme Hoyt ni nani. Ni mjane, mrefu, mpole, anafuga ng'ombe kwenye shamba linalopakana na la kina Dorsey. Zamani, kabla Nelda hajamjua Dorsey, Hoyt ndiye aliyempeleka kwenye dansi ya kumaliza shule, akamnunulia ua la kubandika kifuani. Ilikuwa dansi moja tu. Lakini Dorsey alilijua ua lile kana kwamba lilikuwa limebandikwa kwenye kifua chake na pini ikamchoma.

Hoyt alimtazama Nelda mikono, akampa bunduki ndogo ya geji ishirini, maana geji ikipanda mtutu hupungua, iliyokatwa kitako ili imwenee, yenye mto laini wa mpira mwishoni. Akamvika vifuniko vya masikio. "Watu wengi wanadhani wanaogopa teke," alimwambia. "Nusu yake ni kelele. Ziba masikio kwanza, tuone kinachobaki." Akamfundisha kuingiza kitako kwenye kibonde cha bega na kuegemea mbele, shavu likilala kwenye mbao. Akampa risasi nyepesi za kupigia visahani vya udongo. Halafu akamwambia ageuke asitazame, akatia ndani ya bunduki risasi za kweli na za bandia, zimechanganywa.

"Sasa hujui ipi italia," alisema. "Bana taratibu, kama unayekamua limau na hutaki kokwa zitoke. Ikiwa ya bandia, nitauona mtutu. Mtutu hausemi uongo."

Mara ya kwanza mtutu uliruka kama mkia wa mbuzi. Mara ya mwisho, jioni, bunduki ilisema *ka* tupu na mtutu haukutikisika hata unywele. Wanawake wengine walimpigia makofi.

Alirudi nyumbani anaimba. Dorsey alikuwa mezani.

"Hoyt anasema nina jicho," Nelda alisema akipakua viazi.

"Mm."

"Hoyt anasema bunduki kubwa inawaharibu watu wengi kuliko pombe."

Dorsey aliweka uma chini. "Anasema hivyo?"

"Anasema pia nilete keki ya tufaha Jumamosi ijayo, maana mwenzangu mmoja anatimiza miaka sitini."

Katika maneno hayo yote Dorsey alisikia keki tu. Keki ya tufaha ya Nelda ilikuwa yake. Ilikuwa ikipikwa siku ya kuzaliwa kwake na Krismasi, basi. Usiku ule wivu ulimlalia kifuani kama paka mnene. Hakujua anamwonea nani wivu. Mara aliona Hoyt amesimama nyuma ya mkewe akimweka sawa bega. Mara aliona mtutu wa Nelda umetulia tuli, na hilo la pili, asingelikiri hata kwa mchungaji, ndilo lililomwuma kuliko la kwanza.

Msimu ulipokaribia Nelda alimwomba tena. "Nipeleke siku ya kufungua, Dorsey. Wewe na mimi."

"Si una Hoyt?"

"Ninakuomba wewe."

"Mwambie Hoyt akupeleke. Hoyt anajua kila kitu."

Nelda alirudi kwenye vyombo vyake. "Haya," alisema. "Umesema wewe, siyo mimi."

Akaenda na Hoyt. Na kabla jua halijapanda juu ya mierezi alikuwa amempiga dume mwenye ndevu ndefu kifuani na miiba ya miguuni iliyopinda kama ndoano. Risasi moja, kichwani na shingoni, ndege akadondoka alipokuwa amesimama.

Dorsey alizipata habari dukani kwa Burl, anakouza chakula cha mifugo. Alikuta picha ya mkewe imebandikwa ubaoni, amepiga goti, ameshika mkia wa ndege kama feni, na pembeni ya picha kuna kiwiko. Kiwiko cha Hoyt.

"Dorsey!" Burl aliita kutoka nyuma ya mizani. "Tumesikia nyumbani kwako mwaka huu kutakuwa na nyama!"

"Mwulize kama mama anapokea wanafunzi," akasema mwingine aliyeegemea magunia.

"Afadhali ubadilishane naye, bwana. Yeye awinde, wewe uende shuleni kupika uji."

"Akapike? Atafumba macho chumvi ikimrukia!"

Walicheka. Lile la macho lilikuwa mzaha tu, hakuna aliyejua, lakini Dorsey alihisi uso unawaka. Alilipia mfuko wa mahindi, akausahau kaunta, ikabidi arudi kuuchukua. Wakacheka tena.

Siku chache baadaye alikwenda msituni peke yake, ameapa moyoni. Dume alimjia. Alikuja polepole, mzuri wa kutisha, manyoya yakimeta shaba na kijani, akasimama mahali ambapo mtoto angempiga kwa manati. Dorsey alijiambia: Nelda hafumbi. Alijiambia tena. Nalo lilikuwa kosa, maana sasa juu ya hofu ya teke aliongeza uzito wa mkewe, na mtutu mmoja haubebi vyote viwili. Akafumba. Bunduki ikanguruma. Alipofumbua, yule ndege alikuwa anakimbia kilimani, shingo mbele, bila hata unyoya uliong'oka. Dorsey alikaa pale na bega lake linalopwita, akasema neno ambalo kanisani kwetu halisemwi.

Wiki ya pili ya msimu mtu anaruhusiwa ndege wa pili. Nelda alisema atakwenda tena kwa Hoyt, kwenye ukingo wa malisho yake. Alisema wazi, akifunga mkate na soseji kwenye karatasi, mkate wa watu wawili. Dorsey alimwambia safari njema. Gari lake lilipopinda kona, akavaa koti la kahawia, akachukua kipande chake cha jiwe na kijiti, vile tunavyokwaruzia kuiga sauti ya jike, akavuka uzio.

Alijiambia anakagua nguzo. Mtu mwenye wivu hakosi kazi ya kufanya karibu na mahali asipotakiwa.

Aliwakuta mapema kuliko alivyotarajia. Walikuwa wamekaa chini ya mwaloni mkubwa, migongo kwenye shina, wamevaa nguo za rangi ya majani, bega kwa bega kama inavyobidi wawindaji wawili wakitumia mti mmoja. Dorsey alijilaza nyuma ya mwerezi mchanga. Alimwona Hoyt akisema kitu sikioni kwa Nelda, na Nelda akiziba mdomo kuzuia kicheko. Kile kicheko kirefu!

Bondeni dume alilia. Hoyt akamwita kwa sauti ya jike, na dume akajibu, karibu zaidi. Alikuwa anawaendea. Itakuwa picha nyingine ubaoni, Dorsey aliwaza, na kiwiko kingine. Kabla hajafikiri vizuri alikuwa ametoa jiwe na kijiti mfukoni, akakwaruza. Akawa jike kuliko jike. Hilo alikuwa akiliweza Dorsey. Tangu utoto hakuna mtu bondeni aliyemzidi kuita. Dume alisimama, akageuza shingo, akaacha kwenda kwa Hoyt, akaanza kuja kwake.

Dorsey alitabasamu peke yake kwenye vichaka. Aliona jasho linamwingia jichoni, akachomoa kitambaa chake kujifuta.

Kitambaa kilikuwa chekundu.

Kila anayewinda bata mzinga anajua, na Dorsey alijua kabla hajajua kusoma: usiingie na rangi nyekundu msituni, maana kichwa cha dume ni chekundu. Lakini asubuhi ile hakwenda kuwinda. Alikwenda kuchunga mke.

Chini ya mwaloni Hoyt aliona wekundu ukicheza nyuma ya mwerezi, mahali hasa sauti ya jike ilikotoka na dume alikokuwa ameelekea. Macho ya Hoyt hayakuwa tena yale ya ujana. "Yule pale," alinong'ona. "Kichwa. Piga, Nelda."

Bunduki ya Nelda ilikuwa juu ya goti, shavu liko kwenye mbao. Alisogeza mtutu ukakutana na ule wekundu. Baadaye aliniambia kwamba kama angekuwa mtu wa kufumba, mambo yangekwisha hapo, maana anayefumba huwa ameshapiga moyoni kabla ya kuona. Lakini yeye macho yalikuwa wazi, yamezoea kubaki wazi mpaka mwisho wa mwisho, na chini ya wekundu aliona kitu cheupe. Ndege hana kucha za mviringo. Ndege havai pete.

Alishusha mtutu, akarudisha kifungio cha usalama.

"Piga," Hoyt alirudia.

"Yule ni mtu," Nelda alisema kwa sauti kamili, na dume halisi akaruka kwa kishindo na kupotelea bondeni. Kisha akaongeza, polepole, "Yule ni mume wangu."

Dorsey aliinuka. Alikuwa ameuona mdomo wa ule mtutu, mdogo na mweusi, ukimtazama katikati ya uso. Kitambaa kilikuwa bado mkononi.

Hoyt alivua kofia. Alibaki chini ya mti, akaiweka kofia magotini. "Nilisema piga," alisema. "Mungu wangu. Nilisema mara mbili."

Nelda hakumsikiliza. Alitoa risasi zote kwenye bunduki, akazitia mfukoni, akaja mpaka kwa Dorsey. Alikuwa mweupe kama unga.

"Ulikuja kuniwinda au kunichunga?"

"Nelda…"

"Jibu!"

"Nilikuwa nakagua uzio."

"Uzio uko kule!" Akampiga kifuani kwa kiganja, mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu. "Ningekuua! Unajua ningekuua? Ningekaa na hilo mpaka nizeeke, ningekupikia keki ya matanga, wewe mjinga wewe!"

"Nilisikia unacheka," Dorsey alisema. Ndilo neno la kweli la kwanza alilolitoa tangu Februari.

"Nacheka, ndiyo. Mtu akisema la kuchekesha nacheka. Miaka yote hii kila majira ya kuchipua unaamka, unaniacha kitandani, unakwenda kwenye kitu ambacho kinakufanya urudi umenuna. Nilitaka kujua kuna nini huku. Nilikuomba wewe kwanza. Mara ngapi nilikuomba?"

"Na Hoyt?"

"Hoyt!" Nelda alirusha mikono. "Hoyt ana hadithi moja ya fahali aliyeingia kanisani na ameshanisimulia mpaka naijua kuliko fahali mwenyewe. Nacheka kwa adabu! Hayo ndiyo mapenzi yako ya msituni."

Nyuma yao Hoyt, aliyekuwa bado chini, alisema kinyonge, "Nilidhani unaipenda."

Gari la Nelda wakaliacha kwa Hoyt, wakarudi nyumbani kwa miguu. Nelda mbele. Karibu na kijito Dorsey alisimama.

"Mimi nafumba macho," alisema.

Nelda hakugeuka. "Najua."

"Unajua?"

"Nimekukanda bega hilo miaka mingapi? Na ile sikukuu ya Julai tukipiga visahani kwa dada yako, nilikuwa nimekaa ubavuni mwako. Unafumba kama mtoto anayenyweshwa dawa."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe ungenishukuru?"

Jibu walilijua wote wawili.

Msimu ule haukumletea Dorsey kitu. Lakini mwezi Juni, joto lilipoanza na kupe wamejaa majani, Nelda aliweka meza ya zamani nyuma ya ghala, akamvika mumewe vifuniko vya masikio, akampa bunduki yake ya geji ishirini. Mikononi mwa Dorsey ilionekana kama fimbo ya kufukuzia kuku. Alitaka kucheka, akamwangalia mkewe, akaacha. Nelda alimgeuza, akatia risasi alizozijua yeye.

Ya kwanza ilikuwa ya bandia. *Ka.* Mtutu ulizama kama kuku anayekunywa maji.

Dorsey aliutazama ule mtutu. Miaka yote alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nje yake. Sasa hakukuwa na upepo, hakukuwa na kelele wala teke, ila mikono yake mwenyewe inayokimbia kitu ambacho hakikuja.

"Tena," Nelda alisema.

Wakaendelea hivyo majira yote ya joto, jioni baada ya kazi. Risasi nyepesi, chache kwa siku, na bega likichoka wanaacha. "Egemea mbele. Usiisubiri ikupige, ikaribishe." Kuna jioni alitupa vifuniko chini akaondoka kwa hasira, si kwa sababu alikosa, bali kwa sababu Nelda alichukua bunduki kumwonyesha na akapasua kila kisahani alichorusha, huku anaongea habari ya bei ya mayai. Alimpenda na alimwonea kijicho kwa pumzi ileile. Aliniambia hivyo mwenyewe, mimi na yeye tukinyanyua injini ya trekta langu. "Ni vigumu," alisema, "kula meza moja na mtu unayetaka kuwa yeye."

Na Hoyt? Mkutano uliofuata wa wanawake pale uwanjani, Hoyt alisimama mbele yao akawaeleza yote: aliona rangi, hakuona ndege, na akamwambia mwanafunzi wake apige mtu. Hakujitetea. Akasema hatafundisha tena kabla hajabadilisha miwani, na ikiwa baada ya hapo hawamtaki, sawa. Wakamtaka. Habari zilifika kwa Burl, na huko watu walivua kofia zao kwa Hoyt kana kwamba alikuwa ameokoa mtoto mtoni. Dorsey alilisikia hilo na likamwuma. Hata aibu Hoyt aliibeba vizuri kuliko yeye! Yeye ile aibu yake ya kitambaa alikuwa ameifungia ndani, na aliyeulizia alimjibu kwamba kulitokea mkanganyiko kidogo.

Aprili iliyofuata waliondoka wawili kukiwa bado giza, themosi ya kahawa katikati yao. Nelda alisema yeye mwaka huu atakaa tu. Walipata mti, wakaegemea. Safari hii Dorsey aliita, na dume mmoja alijibu kutoka ng'ambo ya genge, akanyamaza muda mrefu, kisha akatokea ghafla kwenye maua meupe ya msituni, amejivuna kama diwani.

Bunduki ndogo ilikuwa juu ya goti la Dorsey. Alihisi mwili wake unaanza hila zake za zamani, bega linataka kwenda, kope zinataka kushuka. Nelda alimwacha. Hakumgusa. Dorsey aliegemea mbele, akatazama vile vinundu vyekundu vya shingo, akaendelea kutazama, akabana polepole na bado anatazama, na bunduki ilipolia ilimshangaza yeye mwenyewe. Aliona kila kitu. Aliona manyoya yakifumuka, aliona ndege akienda chini, aliona mabawa yakipiga majani makavu. Hakuwahi kukiona kitu hicho maishani mwake, ingawa alikuwa amekaa mbele yake mara nyingi.

Alilia kidogo. Nelda aligeuka upande wa pili, akajifanya anatafuta uyoga.

Jumapili walinialika kula. Hoyt alikuwepo pia, na miwani mipya. Nelda ndiye aliyemwita, na Dorsey alikuwa amekubali kwa neno moja. Nyama ya kifua ilikatwa vipande, ikalazwa kwenye maziwa mgando, ikapitishwa kwenye unga wenye pilipili manga, ikakaangwa. Kulikuwa na mikate midogo ya moto na mchuzi mzito mweupe. Tulikula bila kuongea, ambayo ndiyo sifa.

Mara Dorsey akatafuna kitu kigumu. Alikitoa mdomoni, akakiweka kwenye ukingo wa sahani, kikalia *ting*. Ilikuwa punje ya marisau. Aliitazama kwa fahari kama mtu anayetazama jino la kwanza la mjukuu.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Ni yako," Nelda alikubali, akimwongezea Hoyt mchuzi. "Ungelenga juu kidogo isingefika kifuani."

Hoyt alikohoa ndani ya kitambaa cha meza. Mimi niliangalia sahani yangu. Dorsey, masikio yamekuwa mekundu, alianza kuhesabu moyoni, naapa niliona midomo ikicheza, mara ngapi mkewe ameshamwongezea yule bwana mchuzi na yeye mara ngapi. Kisha akasukuma sahani yake mbele.

"Na mimi," alisema.